Huko Kahama Mimi Ni Marehemu

Mwanangu Minza,

Unisamehe kwa kuchelewa kuandika. Barua hii ilitakiwa iwe mkononi mwako tangu siku ile mama yako mdogo alipotuma nauli, na wewe ukarukaruka hapo uani mpaka kuku wa Mama Asha wakakimbia. Nilisema nitaandika kesho. Kesho yake nikaingia zamu, nikasema basi Jumapili. Jumapili ikawa kanisa, halafu viatu. Sasa tranka limefungwa liko mlangoni, kesho alfajiri tunakwenda Nyegezi kupanda basi, na mimi ndiyo kwanza natafuta kalamu. Nafasi nilikuwa nayo. Niliogopa tu.

Leo sikwenda kiwandani. Wewe uko kwa Mama Asha unanyolewa nywele kama shule ilivyotaka, na ninawasikia mnavyocheka huko nyuma ya ukuta. Nikimaliza nitaiweka barua juu ya tranka, kisha nitatoka nikakae kwa Mama Asha, ili uisome ukiwa peke yako. Ukishaisoma iache hapa mezani. Usiende nayo Kahama.

Habari za kufua, za kusali, za kutolala na nguo mbichi, siandiki. Mama Asha amekuambia hayo tangu asubuhi, na ameongeza na ya kwake. Mimi nina jambo moja. Nimelizungusha siku nyingi na bado sijui linashikwa wapi, kwa hiyo nitaanza na majina.

Unajua mama yako anaitwa Milembe. Hapa Pasiansi watu wananiita Mama Minza, lakini kwa bibi yako Misungwi ni Milembe. Mama yako mdogo unamjua kwa jina la Kabula. Hayo ni majina ya nyumbani. Kama wewe ulivyo Minza huku na Elizabeti shuleni, na sisi tulikuwa na majina ya ubatizo, yale ambayo mwalimu huyasoma asubuhi. Mimi niliandikwa Veronika. Kabula akaandikwa Leticia.

Ukifika Kahama utasikia watu wote wanamwita Kabula Mwalimu Veronika. Mume wake anamwita Vero. Usishtuke, wala usigeuke kunitafuta. Hilo jina ni langu, nilimpa.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Katika shule yetu ya msingi mwaka niliomaliza msichana aliyechaguliwa nilikuwa mimi peke yangu. Babu yako alichinja mbuzi, akawaambia watu wasibakize nyama. Kabula akamaliza darasa la saba mwaka uliofuata, hakuchaguliwa, akabaki nyumbani kulima pamba. Likizo ya Juni nikarudi na wewe tumboni. Baba yako alikuwa kijana wa kinu cha pamba. Unajua kwamba alikwenda Geita kwenye dhahabu akasema atarudi, nilikwishakuambia. Simsemi vibaya. Alikuwa mtoto kama mimi.

Siku zile msichana akishika mimba alifukuzwa, na kufukuzwa huko kuliandikwa. Hakuna shule ingekupokea tena. Lakini mimi shule ilikuwa haijajua, maana nilikuwa likizo. Babu yako ndiye aliyeliona hilo. Sisi wengine tulikuwa tunalia tu.

Hakunipiga. Ningependa ujue hivyo, kwa sababu watu wakisikia habari za wazee wa zamani hudhani ni fimbo tu. Alishinda siku kadhaa anashona magunia ya pamba, halafu akatuita jioni moja, mimi, Kabula na bibi yako.

“Wewe umeharibika,” akaniambia, taratibu, kama mtu anayesema gunia limetoboka. “Jina halijaharibika. Jina bado lina kitanda shuleni. Kwa nini lioze humu ndani pamoja na wewe?”

Bibi yako akauliza, “Baba Milembe, unasema nini wewe?”

“Nasema Kabula aende.”

Kabula akacheka, alidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka akaziba mdomo. Babu alikuwa ameshapanga. Alikuwa na ndugu yake karani, na huyo angetengeneza uhamisho wa Veronika kwenda shule ya huko Kahama, ambako hakuna aliyewahi kuniona. Sababu ingeandikwa ugonjwa. Kabula angekaa kwa baba yetu mkubwa, asome kutwa.

“Kidato cha pili mimi?” Kabula akasema. “Hata cha kwanza sijakiona!”

“Dada yako atakufundisha. Ana kazi gani nyingine?”

Kisha akanigeukia. “Na wewe unasemaje?”

Minza, waliniuliza. Hakuna aliyenikaba koo. Niliulizwa, nikajibu, “Achukue.” Nilijibu haraka, kwa sababu nilikuwa na aibu na nilitaka niache kuangaliwa. Na nilidhani jina ni kitu cha kuazimana, kama vile bibi yako anavyoazima kinu cha jirani, akimaliza kutwanga anakirudisha. Sikuuliza litarudi lini. Hata Kabula hakuuliza.

Basi nikamfundisha. Asubuhi tulikwenda shambani, mchana tulikaa nyuma ya ghala na madaftari yangu. Kidato cha kwanza chote nilikimimina ndani ya kichwa cha mdogo wangu kwa wiki chache, Kiingereza, Hesabu, mito ya Afrika, na tumbo langu likiwa linakua katikati yetu. Alikuwa mwepesi. Akikosea nilimfinya sikio, akisema, “Aa, dada, si unifundishe polepole, mimi si wewe!” nikamjibu, “Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Uwe mimi.” Tukacheka. Ndiyo, tulicheka. Kicheko kile kinanirudia hata nikiwa kiwandani.

Tatizo lilikuwa kuitika. Aliogopa kwamba mwalimu ataita Veronika na yeye atakaa kimya kama gogo. Kwa hiyo nikawa namwita. Nikiwa mtoni namwita, nikiwa jikoni namwita. “Veronika!” Mwanzo alikuwa anageuza shingo kunitazama mimi kwanza. Halafu akawa anaitika nikimwita mara ya pili. Halafu mara ya kwanza.

Jumapili moja kabla hajaondoka, baada ya misa, katekista alisimama mlangoni akaita, “Veronika, njoo!” Alikuwa ananiita mimi, alitaka kujua kwa nini sikukomunika. Nilifungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Kabula pembeni yangu akasema, “Bee!” akapiga hatua. Kisha akasimama, akaniangalia, macho yamemtoka. Katekista alidhani watoto wanamchezea, akaondoka anasonya. Mimi nikajua limeshahama.

Alikwenda, akasoma, akafaulu, akaingia ualimu. Sisi tukabaki na kilimo. Ulizaliwa, ukakua, babu yako akafariki. Ushirika ukawa unachukua pamba yetu na kutuachia stakabadhi tu, bila fedha. Kabula alipoolewa, mahari ilipokelewa kwa baba mkubwa kule Kahama. Bibi yako alikwenda harusini. Mimi nilitumiwa ujumbe, “Dada usije, watu watachanganya.” Bibi akarudi na kitenge changu. Hukumbuki, ulikuwa mdogo. Nilikushonea gauni lile lenye ndege.

Shemeji huyo alikuja Misungwi mara moja tu, bibi yako alipokuwa anaumwa. Nilimmiminia maji ya kunawa. Akanitazama kwa heshima akauliza, “Na huyu ni nani?” Bibi yako, amejilaza pale kwenye mkeka, akasema, “Huyu ni Milembe, ananisaidia.” Haukuwa uongo, nilikuwa namsaidia. Nikamshikia taulo shemeji yangu mwenyewe, nikaenda jikoni. Bibi yako hakunitazama mpaka jioni, na mimi sikumtaka anitazame.

Ndipo tukaja Mwanza, mimi na wewe, viwanda vya samaki vilipoanza kufunguliwa na watu wakasema wanachukua wanawake. Unaijua kazi yangu kwa harufu, lakini ndani hujawahi kufika. Unasimama kwenye maji ya baridi na mabuti, sangara wanakuja mmoja baada ya mwingine, unamtoa mnofu upande huu, unamgeuza, upande ule, kinachobaki ni panki linakwenda kukaangwa mtaani. Minofu inapanda ndege. Huruhusiwi kuongea na mwenzako. Siku nzima kichwa kiko huru na mikono imefungwa. Humo ndimo nilimoanza kurudia mito ya Afrika moyoni, bila kujua naifanyia nini. Nikimaliza upande mmoja wa samaki nasema Niger. Upande wa pili, Zambezi.

Halafu nikasikia kuna masomo ya jioni kwa watu wazima walioishia njiani. Unafanya kwanza mtihani wa QT, ule wa kuonyesha kwamba unastahili, kisha unafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukifaulu unapata cheti kama waliokaa shuleni miaka yote. Wakasema leta cheti cha darasa la saba.

Cheti changu kiko Kahama, na mwenye jina hilo alikwisha kumaliza kidato cha nne na anafundisha. Sikuweza kuwa Veronika mara ya pili. Nikaenda Misungwi, nikafungua sanduku la bibi yako, nikatoa cheti cha Leticia. Kilikuwa kimekaa chini ya makanga hakina kazi na mtu. Nikajiandikisha kwacho. Kwa hiyo jioni zile zote ulizokuwa unabaki kwa Mama Asha ukilalamika kwamba nakwenda kusoma wakati mama za wenzako wako nyumbani, mimi darasani nilikuwa Leticia.

Tulikuwa watu wa kila namna, mlinzi, wauza mitumba, fundi redio, tumekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigonga mbao. Nilikuwa natoka kazini moja kwa moja. Siku ya kwanza yule fundi redio akajishika pua. “Dada Leticia, mmekuja wangapi, wewe na sangara?”

“Wawili,” nikamjibu. “Na yeye ameelewa somo kuliko wewe.”

Darasa zima likacheka, na hata yeye, akawa rafiki yangu. Alinitengenezea ile redio yetu bure. Ameacha masomo mwaka jana. Wengi wameacha. Mwalimu mwenyewe amehamia shule ya binafsi, wanakolipa vizuri, na darasa limefungwa. Tumebaki wachache tunaosomeana vibarazani.

QT nilifaulu. Unakumbuka tulikula kuku. Mtihani wa kidato cha nne, mwaka juzi, nilikuambia matokeo hayajatoka vizuri. Sikukuambia kwamba ilikuwa sifuri. Nilisimama mbele ya ubao na watu wengi, nikaona jina, nikafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, nikarudia. Kijana mmoja nyuma yangu akasema, “Huyu Leticia kaja kusaini tu.” Hakujua kwamba ni mimi. Nikacheka naye. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikakupikia uji, nikakwambia naumwa kichwa.

Unajua nilishindwa nini? Kwenye Baiolojia walitoa picha ya samaki. Taja sehemu, eleza kazi yake. Mimi! Nilimwangalia yule samaki nikaona kama ni jirani yangu. Kila sehemu naijua kwa kisu. Lile puto la ndani tunaliita bondo, wanalichukua matajiri, nalijua mpaka linavyoteleza. Lakini walitaka kwa Kiingereza, na sikuwa na neno hata moja. Nikakaa na kalamu mpaka msimamizi akapita akaniambia, “Mama, andika hata jina lako.” Hapo ndipo nilipokaribia kucheka kwa sauti.

Mwaka jana sikufanya, maana mwiba wa samaki uliniingia kiganjani na mkono ukavimba, uliona mwenyewe. Mwaka huu nimejiandikisha tena. Novemba.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolizunguka.

Ile siku Kabula alipokuja hapa mwezi uliopita, nikakutuma maji ukarudi ukatukuta tumenyamaza, ukauliza, “Mmegombana?” nikasema, “Hapana, tumechoka.” Tulikuwa tumegombana.

Yeye alianza vizuri. “Dada, Minza hakuchaguliwa, lakini simwachi akae. Namchukua. Pale ninapofundisha nitamwombea nafasi, atakaa kwangu, ada ni juu yangu.” Nilimshika mikono nikashukuru mpaka nikaona aibu. Yeye hakufurahi. Akatazama mlango.

“Ila kuna jambo. Mume wangu anajua Leticia amekufa.”

“Leticia yupi?”

“Mimi. Wakati wa uchumba aliniuliza ndugu zangu. Nikasema nilikuwa na mdogo wangu Leticia, akafariki. Ningesema nini, dada? Ningesema yuko hai angetaka kumwona. Ningemletea nani?”

Akaendelea harakaharaka, kama mtu anayeshuka mlima. “Kwa hiyo Minza nimemwambia ni mtoto wa marehemu. Ni mtoto wa Leticia, yatima, amelelewa na bibi. Amekubali vizuri sana. Amesema hata kitanda atanunua.”

“Umeniua, Kabula.”

“Nimejiua mimi! Leticia ni mimi!”

Tukaangaliana. Kama lisingekuwa jambo la kulia lingekuwa la kuchekesha. Kisha akasema la pili. Serikali inapunguza wafanyakazi, wanapekua vyeti, wenzake wawili wamekwisha kuitwa ofisini. Akitokea mtu akaona Veronika na Leticia, baba mmoja, kijiji kimoja, na huyo Leticia ambaye mume anasema ni marehemu anafanya mtihani Mwanza, watauliza la kwanza, na wakiuliza la kwanza watafika kwenye uhamisho wa ugonjwa. “Uache huo mtihani, dada. Marehemu hafanyi mtihani. Mimi nitamsomesha mtoto wako mpaka mwisho. Si ndiyo ulichokuwa unatafuta?”

Hapo, Minza, nilihisi baba yangu yuko chumbani anashona gunia. Ni maneno yale yale. Na tena niliona aibu ile ile, na ile haraka ya kutaka kusema “achukue” ili mambo yaishe. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Ndipo nikasikia ndoo yako inagonga nje, kumbe ulikuwa unaipokezana na mtoto wa Mama Asha, hujaingia bado. Nikaufunga.

Nikamwambia, “Jina langu nilikupa likiwa safi, sijakudai. Hili la kwako nililikuta sandukuni kwa mama, hulitumii.”

“Nililizika.”

“Basi nimelifukua. Kahama nitakuwa marehemu, kwa ajili ya Minza, sawa. Hapa Pasiansi nafanya mtihani.”

Akalia. Alinishika mkono huu wenye kovu, akaugeuza, akautazama kama anaangalia daftari la mwanafunzi, akasema, “Dada, utafaulu kweli?” Hakuwa ananicheka, aliuliza kabisa. Nikamwambia sijui. Ndiyo ukaingia na maji.

Aliondoka bila kusema lolote. Wiki zikapita nikadhani nimekukosesha shule kwa kiburi changu. Nilikuwa nakuangalia unavyokunja nguo za kwenda mahali ambapo labda hupaswi kwenda. Halafu nauli ikaja na kondakta, na karatasi yenye neno moja: Mlete. Kuhusu mtihani hakuandika chochote. Sijui ni ndiyo au ni hapana. Ninachojua ni kwamba yeye ana kazi ya kupoteza na mimi nina cheti ambacho sijakipata, na wewe tunakuweka katikati, kwenye nyumba ya mtu mwema asiyejua kitu.

Basi nakueleza yatakayokuwa, kwa sababu mimi nilisema ndiyo kabla sijalielewa swali.

Huko usimwite Kabula mama mdogo. Hili litakuponyoka kuliko yote. Marehemu ndiye mdogo, kwa hiyo Veronika kwako ni mama mkubwa. Mume wake ni baba mkubwa, umwamkie shikamoo kila asubuhi, ni mtu wa heshima na hajatukosea. Watakuuliza mama yako alikufa na nini. Kabula amesema homa, ukiwa mchanga. Watakupa pole. Ipokee. Usilie sana, na usicheke. Ukiumwa, ukipata hedhi, ukinyimwa, ukipigwa, usiite mama. Hapo ndipo ninapojiuliza kama nina akili. Nilimzoesha mdogo wangu jina langu mpaka akaitika kabla yangu, lakini wewe nimeshindwa kukuzoesha kifo changu. Nilijaribu. Juzi tukichambua dagaa nilitaka kukuuliza, kama mchezo, “Mama yako yuko wapi?” Nikakuangalia, nikakuuliza kama umekunywa chai.

Novemba kanisani huwaombea marehemu. Kabula aliniambia kwamba kila mwaka mume wake huandika jina la Leticia kwenye karatasi ya padri, wala hajawahi kusahau. Litasomwa. Utasimama na wenzako uitikie, apumzike kwa amani. Siku hizo hizo mimi nitakuwa kwenye chumba cha mtihani na msimamizi ataita Leticia, nami nitaitika. Usiogope siku hiyo. Ukilisikia linasomwa, ujue mahali nilipo.

Sasa lako. Sikukuuliza kabla ya nauli kuja, na hilo ni kosa, kwa hiyo nakuuliza leo. Una usiku mzima. Kama huwezi kuyabeba haya, alfajiri nikute tranka liko hapo hapo lilipo. Sitakuuliza kwa nini, sitakununia, nauli tutairudisha kwa kondakta, tutatafuta njia nyingine, ingawa sasa hivi siioni. Usiende kwa kunionea huruma. Na usibaki kwa kunionea huruma pia. Ukienda, nenda na macho yako, na siri hii usimpe hata rafiki utakayempenda kuliko wote, maana atakayeangushwa wa kwanza ni Kabula, na Kabula, pamoja na yote, alikuwa mtoto aliyecheka akidhani ni utani.

Mimi sitabadilika. Nikipata sifuri nyingine nitarudia. Sio kwa ajili ya kazi, maana sijui nani ataajiri mama wa minofu mwenye cheti cha mtu. Nataka siku moja nisimame mbele ya ubao ule nifuate mstari kwa kidole mpaka mwisho nikute kitu. Basi.

Jina la Milembe halijawahi kuandikwa shule yoyote. Kule Kahama shemeji akilisikia atakumbuka yule wa bibi, aliyemshikia taulo. Kwa hiyo ndilo la kuandika kwenye bahasha, kwa sanduku la posta la kanisa letu. Andika kama unamwandikia mtu aliyekulea.

Nasikia Mama Asha anakwambia una kichwa kizuri, kumbe nywele zilikuwa zinakificha. Natoka.

Karatasi hii ya mwisho iko peke yake, unaweza kwenda nayo. Haina neno la kumdhuru mtu. Ni vitu ambavyo bado nahitaji. Ukipata mtu wa kumpa mkononi, nitumie:

Madaftari yako ya Baiolojia na Jiografia kila muhula ukiisha, hata kama yamechanika.

Kitabu cha logi cha Hesabu, cha zamani kinatosha, changu kilinyeshewa.

Kamusi ya Kiingereza, ikiwa shule wanatupa iliyokatika jalada.

Picha ya samaki, kubwa, uichore wewe, na majina yote kwa Kiingereza pembeni. Uandike kwa herufi kubwa nisome nikiwa natembea.

Kalamu ya risasi, hata iliyobaki nusu.

Michembe ya viazi, kama kwao vimekubali.

Picha yako moja umevaa sare. Nyuma yake andika “Kwa Milembe”. Usiongeze neno.